Kufuli Kuukuu

Karatasi ilikuwa ukutani mwa ofisi ya mwenyekiti, imegandishwa pembe zote nne, na mwandiko ulikuwa wa kocha mwenyewe. Mstari wa tatu ulisema: Hatusajili mchezaji aliyezidi miaka ishirini na minne. Aliuandika kwa kalamu nzito siku timu iliposhuka daraja na wakongwe wote wakaagwa, akaupigia mstari chini mara mbili ili hata mwenye macho mabovu auone. Sasa alikuwa amesimama mbele ya karatasi hiyohiyo, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa, akiomba ruhusa ya kuuvunja.

"Ana miaka mingapi huyo mtu wako?" mwenyekiti akauliza.

"Thelathini na..." Kocha akakohoa. "Na minane."

Mwenyekiti alikuwa mama mwenye kiwanda cha mikate, na ofisi ya timu ilikuwa chumba kimoja juu ya tanuri. Kila kitu humo, kuanzia dawati hadi kombe la zamani kabatini, kilikuwa na vumbi jembamba la unga, na ukikaa dakika kumi unatoka umepakwa weupe mabegani. Mama akaweka kalamu chini.

"Anachezea timu gani?"

"Hana timu. Ni mchezaji huru."

"Tangu lini?"

"Miezi kumi na moja."

"Huyo si huru, mwanangu. Huyo ameachwa." Akamtazama juu ya miwani. "Tena nasikia ni jamaa yako."

"Shemeji. Kaka wa mke wangu."

Mwenyekiti akacheka mabega tu, sauti hakuna. "Kwa hiyo mmepika huko nyumbani, hapa unaniletea nipakue."

Timu ilikuwa imecheza mechi tisa na kupata pointi mbili. Vijana wake walikuwa na miguu ya swala, na kama swala, kila wiki waliliwa. Jambo la ajabu ni kwamba hawakuliwa mapema. Hadi dakika ya sabini walikuwa sawa na kila mtu, mara nyingine wakiongoza. Baada ya hapo ukuta ulimomonyoka kama sukari kwenye chai. Aliwaongezea mazoezi ya pumzi, haikusaidia. Akabadilisha kipa, akamrudisha yuleyule.

"Mama, nimejenga kwa matofali mapya matupu," akasema. "Saruji nilisahau."

"Na shemeji yako ndiyo saruji?"

"Kama siyo, nitaondoka mwenyewe."

"Hutaondoka mwenyewe, nitakuondoa mimi." Mwenyekiti alivuta karatasi ya usajili. "Mzunguko wa kwanza umebakiza mechi sita. Siku utakapoisha, nikiikuta timu mkiani, mnatoka wewe na shemeji yako, kwa mlango mmoja. Tumeelewana?"

Wakaelewana.

Shemeji mwenyewe alipatikana kwenye zahanati iliyokuwa ikijengwa, amepiga magoti, akipanga vigae vya sakafu. Zamani, mashabiki walimwita Kufuli, kwa kuwa mshambuliaji akifika kwake hapiti. Siku hizi jina lilibaki, milango ikawa imehama. Alikuwa na uzi umevutwa ukuta hadi ukuta, na kila kigae alikigonga kwa mpini wa nyundo, akainamisha sikio, akasikiliza.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "umekuja kukagua vigae au dada yangu kakufukuza?"

"Nimekuja kukuokoa magoti."

"Magoti yangu yaliokoka zamani. Hayatendi dhambi yoyote tena."

"Nina nafasi moja ya beki wa kati."

Nyundo ikasimama. Kufuli alikaa kitako juu ya sakafu aliyoipanga mwenyewe, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mwilini nina dakika sitini, labda na tano," akasema. "Ukitaka tisini, tafuta watu wawili. Na wiki ya kwanza sichezi. Nataka kukaa pembeni nitazame."

"Nina mechi sita tu, shemeji. Wiki nzima utatazama nini?"

"Sijui. Ningekuwa najua nisingetazama."

Siku ya kwanza mazoezini vijana walimpokea kwa heshima iliyozidi kiasi. Kipa, kijana mrefu waliyemwita Twiga, alikunja magoti mpaka karibu na nyasi. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umebadilishwa nepi?"

Uwanja mzima ulicheka, Twiga akiwamo, na huo ndio ukawa mwisho wa mambo ya babu. Kufuli alipindua ndoo, akaikalia, akatoa kipande cha karatasi na penseli ya fundi. Kocha akaendesha mazoezi kama kawaida yake, yaani kwa koo. Panda, shuka, bana, mtazame wa nyuma yako, wewe, si wewe, yule. Filimbi shingoni ilikuwa haipoi.

Walipomaliza, Kufuli akamwonyesha karatasi. Ilikuwa imejaa vistari.

"Yule mrefu asiyesema, mnamwitaje?"

"Kimya. Ndiye beki bora niliye naye. Ana miaka ishirini."

"Ndani ya nusu saa amekutazama wewe mara thelathini na moja. Nimehesabu. Sasa niambie, mpira kautazama saa ngapi?"

"Anasubiri maelekezo."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Una mabeki wanne uwanjani, na wa tano amesimama kwenye chaki ya pembeni. Wale wanne wanakimbia tu, anayecheza ni huyo wa tano. Sasa wewe mwenyewe, dakika ya sabini sauti yako huwaje?"

Kila mechi, ikifika saa hiyo, koo la kocha huwa limekauka, sauti inatoka kama mlango wa kabati. Mkewe humchemshia maji ya tangawizi kila anaporudi. Alihesabu mabao waliyofungwa na dakika zake, kimoyomoyo, na kila aliloligusa lilianguka baada ya koo kufa. Aliona haya, halafu hasira, halafu haya tena.

"Ungeweza kuniambia polepole," akasema.

"Mechi sita, shemeji. Polepole tutaipata wapi?"

Mechi ya kumi ilichezwa Kufuli akiwa benchi, wakafungwa mawili. Zikabaki tano. Jumatatu yake kocha akapelekwa stoo ya vifaa, katikati ya koni na jezi za kufuliwa, akaambiwa atazame mazoezi ya mabeki kupitia dirisha la wavu na asitoe hata kikohozi. Kufuli akawapanga wale wanne na kuwapa sheria moja: anayeona mgongo wa mwenzake ndiye macho ya mwenzake. Anayeona akanyamaza, mazoezi yanasimama mpaka aseme.

Yalisimama sana. Na karibu kila mara yalisimama kwa Kimya. Kijana aliona kila kitu, macho yake yalikuwa kama ya mwewe, lakini neno lilimtoka kama mtu anayeuliza choo kiko wapi kwenye msiba.

"Nyuma," alinong'ona.

"Nani kasikia?" Kufuli akauliza. Hakuna aliyesikia.

Hapo Kufuli akafanya jambo ambalo kocha angelizuia kama angeulizwa. Akampeleka Kimya kwa mwenyekiti, akamwombea kazi ya asubuhi kiwandani: kuongoza malori ya mikate yanaporudi kinyumenyume kwenye ukumbi wa kupakia. Dereva wa lori kubwa haoni kitu nyuma, anasikia tu. Uwazi wa geti la kuingilia ulikuwa umezidi upana wa lori kwa viganja viwili kila upande.

Siku ya kwanza Kimya alinong'ona "simama", na lori likasimama lilipokutana na nguzo ya geti. Nguzo ikalala. Dereva akashuka, akamwambia Kimya maneno ambayo hata Kufuli, aliyecheza mpira miaka ishirini, mengine alikuwa hajawahi kuyasikia.

Mwenyekiti akampigia simu kocha. "Shemeji yako ananijengea timu au anabomoa kiwanda?"

"Mpe siku tatu, mama."

"Nguzo ninazo mbili tu. Moja imekwenda."

Siku ya nne, kocha alipita kiwandani asubuhi na mapema, akasimama ng'ambo ya barabara. Alimsikia kabla hajamwona. "Njoo, njoo, njoo, kata kushoto, njoo, simama." Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti iliyonyooka, ya mtu anayejua kwamba mwenzake hana macho mengine. Lori likaingia kama droo. Dereva, yuleyule wa matusi, alitoa mkono dirishani akampa kijana dole gumba.

Mechi ya kumi na moja Kufuli aliingia akiwa nahodha. Mbio hakuwa nazo kabisa, hilo lilionekana hata kwa aliyekaa mbali. Lakini mpira ulimkuta kila alikosimama, kama mgeni anayejua nyumba. Dakika zote sitini na tano mdomo wake haukufunga. Siku hiyo walitoka uwanjani bila kufungwa bao, mara ya kwanza msimu ule. Sare tupu, na mashabiki wakaimba kama wamechukua kombe. Mechi ya kumi na mbili, moja bila. Ya kumi na tatu, mbili moja, ugenini, na kwenye basi la kurudi Twiga alilala mdomo wazi na mpira wa mechi mapajani. Kocha alikuwa akisimama kwenye chaki mikono mifukoni, akiuma midomo, amejifunza kunyamaza kama mtu anayejifunza kuogelea ukubwani: anaweza, lakini anameza maji.

Mechi ya kumi na nne alisahau.

Walikuwa wanaongoza moja bila, dakika zikibaki nane. Kufuli alikuwa bado ndani. Siku hiyo alijisikia mwepesi akaomba kuendelea. Winga wa wapinzani akashika mpira pembeni. Kufuli akanyanyua mkono: kaeni. Na kocha, aliyekuwa amenyamaza mechi tatu na dakika themanini na mbili, akafumuka: "Pandeni, pandeni."

Kimya na beki wa kulia wakapanda. Kufuli na wa kushoto wakabaki. Mshambuliaji akapita katikati yao kama mtu aliyekuta mlango umeegeshwa. Moja moja. Kocha, badala ya kuona alichofanya, akamgeukia mshika kibendera akidai kwamba ile ilikuwa ya kuotea, akakipiga kibendera kikamtoka mkononi. Kadi nyekundu. Mechi inayofuata asikanyage benchi wala chumba cha wachezaji mpaka filimbi ya mwisho.

Chumbani, Kufuli alikuwa anafungua viatu. Hakupandisha sauti.

"Nusu wamekusikia wewe, nusu wamenisikia mimi. Nyumba yenye mabwana wawili wanaoamrisha, shemeji, mlango haufungwi na yeyote."

Nyumbani mkewe akamwekea maji ya tangawizi, akaketi mkabala. "Kaka yangu kakwambia nini?"

"Ukweli."

"Pole. Huwa hambembelezi mtu."

Ikabaki mechi moja. Wao walikuwa mkiani na pointi kumi; waliokuwa mbele yao walikuwa na kumi na mbili, na hao ndio waliokuja kucheza. Sare ingekuwa msiba. Ilikuwa lazima washinde, la sivyo kocha na shemeji yake watoke kwa mlango ule mmoja.

Kocha alikaa jukwaani na mkewe, katikati ya watu. Mkewe alikuwa amebeba pakiti nzima ya peremende, na kila alipoona taya la mumewe linatikisika alimtia moja mdomoni.

"Kocha," mtu mmoja akamwita kutoka safu ya nyuma, "leo umelipa kiingilio kama sisi?"

"Nimelipa."

"Basi leo ndiyo utajua uchungu wetu."

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Cha pili kikaanza hivyohivyo, Kufuli akifunga kila tundu kwa kidole na kwa mdomo. Dakika ya sitini na sita wapinzani wakaingiza winga mpya, kijana mwenye mbio za mtu anayedaiwa na mbwa. Akampita Kufuli mara ya kwanza. Akampita mara ya pili, na ni mguu wa Twiga tu uliookoa. Kufuli akainama, mikono magotini, akahema. Kisha akageukia benchi, akazungusha vidole viwili hewani: nitoeni.

Jukwaa likazomea. "Mzee anakimbia vita," yule wa nyuma akasema.

Kocha msaidizi hakujua la kufanya. Alisimama, akageuka, akatafuta uso mmoja tu kati ya nyuso elfu mbili, akaupata. Alikuwa anasubiri kichwa. Kutikisa mara moja tu, na Kufuli angebaki.

Kocha alikuwa tayari amesimama. Mechi nyingine Kufuli alitolewa kwa mpango, lakini hii ya kufa na kupona walipanga abaki mpaka mwisho. Na zimebaki dakika ishirini na nne. Akaiona ile ofisi ya unga, akaona yeye na shemeji yake wanashuka ngazi na mifuko. Kichwa chake kilishaanza kwenda upande mmoja.

"Kaka yangu hajawahi kuomba kutoka mahali," mkewe akasema, macho uwanjani. "Harusi yetu alibaki mpaka viti vikabebwa. Akisema nitoeni, ujue ameona kitu."

Kocha akaketi. Akaisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia, akamtazama msaidizi wake bila kupepesa. Msaidizi akasubiri kidogo zaidi. Kisha akageuka, akamwamsha beki wa akiba.

Kufuli alivua kitambaa cha unahodha, akakivisha mkono wa Kimya, akampiga kibao kidogo cha shingo na kuondoka akichechemea. Hakumwambia neno, na kwa mtu wa maneno kama yeye hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Dakika mbili uwanja ulikuwa wa baridi. Winga akapita, akapiga, mpira ukagonga mwamba na kurudi. Kocha akafumba macho.

Alipokuwa bado amefumba akaisikia.

"Twende, twende, twende. Kata kushoto. Simama."

Akafumbua. Safu nzima ilikuwa imepanda hatua sita kwa pamoja na kusimama, na mshambuliaji wa wapinzani alikuwa peke yake upande wa pili, mpira miguuni, kibendera kimenyanyuliwa juu yake. Watu wakapiga kelele. Sauti ikaja tena, na tena, ikipita juu ya kelele zao. Beki wa akiba, aliyeingia anatetemeka, akaambiwa aende wapi na akaenda. Twiga akaambiwa abaki akabaki. Winga mwenye mbio akaanza kupokelewa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja akimngoja, mpaka akachoka kukimbilia watu na kuanza kugombana na mwamuzi.

"Yule ni nani anayeongea?" yule wa safu ya nyuma akauliza.

"Kimya," kocha akasema.

"Nimenyamaza. Nauliza ni nani?"

"Ndiyo jina lake."

Kocha akatambua kitu kingine, akamshika mkewe kiwiko. Tangu Kufuli atoke, hakuna kijana hata mmoja aliyetazama benchi. Msaidizi alikuwa amekaa pale kama abiria.

Dakika ya themanini na saba Kimya alikata pasi katikati ya uwanja. Hakuuliza mtu. Aliinua kichwa, akauona mgongo wa beki wa kule mbali umegeuka, akautupa mpira hatua hamsini juu ya kila mtu. Winga wao wa kushoto akaufikia karibu na chaki, akaukatia ndani, na mshambuliaji akausindikiza wavuni kwa goti, kwa sababu mguu ulikuwa umechelewa. Moja bila. Kocha alimeza peremende nzima. Mkewe alimpiga mgongoni akidhani anamkumbatia, au akamkumbatia akidhani anampiga. Walikuwa wameanguka safu ya mbele juu ya watu wasiowajua, na watu hao walifurahi.

Nyongeza ilikuwa dakika tano. Ya mwisho yake ilikuwa kona, na hata kipa wa wapinzani alikuja mbele. Kimya akaita mmoja mmoja kwa jina, akamwonyesha mtu wake, na mpira ulipopaa, yeye ndiye aliyekuwa juu ya wote. Kichwa kikauondoa mpaka nje ya boksi. Filimbi ikalia kabla haujatua.

Kocha alishuka ngazi za jukwaa akipigwa mabega na kila mkono uliomfikia. Mlangoni mwa chumba cha wachezaji alimkuta mwenyekiti, amevaa viatu vyenye unga.

"Pointi kumi na tatu," mama akasema. "Wao kumi na mbili."

"Ndiyo, mama."

"Nimefikiri." Akasogea karibu kama mtu anayenunua kitu kwa siri. "Unamjua mzee mwingine asiye na timu? Lete hata watatu."

Kocha akacheka mpaka koo likamuuma, koo ambalo siku hiyo halikuwa limefanya kazi yoyote. "Watatu hapana, mama. Watatu watakaa pembeni wapige soga zao, na vijana watarudi kuchungulia. Mmoja anatosha, mradi awe anajua saa ya kutoka."

"Basi huyo mmoja abaki. Na wewe pia."

Akasukuma mlango. Alitegemea nyimbo na maji ya kurushiana. Alikuta vijana wamekaa, jezi zimelowa, wote wamegeukia upande mmoja, na Kimya amesimama katikati, kitambaa bado mkononi, akimwonyesha beki wa kulia kwa vidole alikosimama dakika ya sabini na mbili na alikopaswa kusimama. Beki wa kulia alikuwa anabisha. Wengine wawili walikuwa wanambishia yeye. Kufuli alikuwa pembeni na mguu ndani ya ndoo ya barafu, na alipojaribu kuchangia neno, Twiga akamwambia, "Subiri zamu yako, babu."

Kocha alikohoa kusafisha koo. Alikuwa na hotuba. Alikuwa ameipanga tangu kwenye ngazi.

Kimya akamgeukia. "Kocha, kaa kwanza," akasema. "Sijamaliza."

Kufuli akaburuta ndoo yake kidogo kumpisha kwenye benchi, na kocha akakaa.